Mbegu, Lupango na Mutoto: Kishamba cha Nyuma ya Nyumba katika Kasongo na Kabambare

Watu wengi wakisikia maneno haya, historia ya Kasongo, wanawaza mara moja Tippu Tip, watumwa, pembe za tembo na vita ya 1893. Ni haki, maana mambo hayo yalitokea hapa kwetu. Lakini iko historia ingine isiyo na jemadari wala bendera, nayo inakaa nyuma ya nyumba, kati ya jiko na choo. Ni kile kishamba kidogo cha lupango ambamo mama anapanda lengalenga, bamia, nyanya, pilipili na maboga, na mutoto yuko pembeni anashika mbegu mu mkono. Hakuna mkoloni aliyekihesabu, na hata sisi walimu tunakipita kila asubuhi bila kukitazama. Ninaona kimebeba mambo mengi ya Maniema ya kusini kuliko mnara wowote.

Tuanze Kabambare. Daktari David Livingstone aliingia Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, mwezi wa 9 mwaka 1869. Vidonda vya miguu vilimfunga pale miezi mingi ya mwaka 1870, hadi Februari 1871 ndipo akaweza kushika njia ya Nyangwe. Mtu mgonjwa anayekaa mlangoni anaona mengi. Aliandika kwamba watu wa Manyema walikuwa wanasimamisha miti mirefu ambayo ilishika mizizi na kuota, wanafunga kamba za msituni kati ya mti na mti, halafu wanatundika mahindi, safu juu ya safu, hadi kijiji kinazungukwa na ukuta wa mahindi. Aliita jambo hilo ghala iliyosimama. Mtu yeyote aliyewahi kulima anaelewa: ukuta kama ule si chakula tu. Ni mahali pa kuchagua mbegu. Mahindi yanakaukia mu upepo, kila mtu anayaona, na gunzi lililojaa vizuri linajulikana mbele ya siku ya kupanda.

Hapa niseme neno moja ambalo wanafunzi wangu hawapendi kuliamini. Mahindi yale hayakuzaliwa Afrika. Mahindi, mihogo, karanga, viazi vitamu na pilipili vyote vilitoka Amerika, vikashushwa kwenye pwani zetu mbili na meli za Wareno baada ya mwaka 1500. Mbele mzungu wa kwanza kukanyaga Kabambare, mimea yake ya kuvuka bahari ilikuwa imekwisha kufika, tena imekwisha kuwa yetu. Ilifikaje? Haikuja na serikali wala na mradi. Ilikuja mbegu kwa mbegu, kutoka mama hadi mama, binti akienda kuolewa kijiji kingine na fundo lake la mbegu, mjomba akirudi sokoni na kipande cha muhogo. Safari ile ilichukua miaka mia na zaidi, na hakuna mtu aliyeiandika.

Halafu wakaja wangwana kutoka Zanzibar na Tabora. Nyangwe na Kasongo zikakuwa miji. Wao ndio walileta mpunga kwa wingi, na hadi leo mtu wa Kasongo akikosa mchele siku ya sikukuu anaona aibu. Walileta pia miti ya matunda. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja na majeshi ya Dhanis wakati Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893, alichapisha kitabu mwaka 1897. Anasimulia kwamba alipita mu shamba moja la mpunga, akiwa juu ya mnyama, kwa muda wa saa moja na nusu. Tena anasema bustani za mji zilijaa machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Ukisoma kurasa zile utafikiri ni paradiso. Lakini uliza swali la mwalimu: nani alikuwa anashika jembe? Mashamba yale yalilimwa na watumwa, wengi wao wanawake wa nchi hii hii, waliochukuliwa kwa nguvu. Ndani ya nyumba za wangwana ni wao waliopika, na mpishi ndiye anajua mboga ipandwe wapi. Kwa hiyo tukisema Waarabu walituletea bustani, tunasema nusu ya ukweli. Mbegu za mpunga na miti ya matunda zilitoka pwani, lakini mikono ilikuwa ya nkambo zetu.

Majina yenyewe yanashuhudia. Machungwa, mapera, maembe ni majina ya pwani. Lakini majani ya muhogo, ambayo mtu wa pwani anayaita kisamvu, sisi tunayaita sombe. Na mchicha wake ni lengalenga yetu. Matunda ya uani yalichukua jina la mgeni, na mboga ya chungu ikabaki na jina la mpishi.

Mji ule wa zamani uliachwa, na mahali pake panaitwa Tongoni. Kwa Kiswahili, tongo ni mahali palipokaliwa na watu halafu pakaachwa. Hakuna jina lililo na ukweli zaidi.

Mambo yalibadilika vibaya mwaka 1917. Serikali ya Wabelgiji ililazimisha ulimaji wa pamba, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuonja kazi ile. Kila mwanaume alipimiwa shamba. Agronomu na kapita walipita kukagua, na mwenye kuchelewa alijua fimbo au gereza. Mwaka 1933 sheria iliweka siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na mwaka 1942, juu ya vita ya Ulaya, zikapanda hadi 120. Kwa karatasi, kazi ni ya baba. Kwa kweli mama na watoto walikuwa mu pamba kutoka kupanda hadi kuchuma, kama mwanahistoria wetu Osumaka Likaka alivyoonyesha. Pamba hailiwi. Na siku zilizokwenda kwa pamba zilitoka kwa muhogo na mpunga.

Ni hapo, kwa maoni yangu, kishamba cha nyuma ya nyumba kilipata uzito wake. Kapita alikuwa anapima shamba la barabarani. Majani machache karibu na jiko hayakumsumbua. Kazi yake ilifanywa mapema, mbele ya mwito, au jioni, na mwenye nafasi saa ile alikuwa nkambo na mujukuu wake, mzee asiyeweza tena kwenda mbali na mutoto asiyeweza bado. Hivyo mafundisho ya mbegu yakakaa kati ya wawili hawa.

Shule, nayo, ilileta jembe la namna ingine. Bustani ya shule ilikuwa katika programu tangu wakati wa wamisioni, na wazo halikuwa baya. Lakini mara nyingi mazao yalikwenda kwa meza ya wakubwa. Wakati wa Zaire ikaongezeka salongo, kazi ya lazima ambayo kila mtu aliikimbia. Hadi leo, mwanafunzi akichelewa, azabu ni kulima uwanja. Sisi walimu tumefundisha vizuri sana somo hilo: kwamba jembe ni azabu. Halafu tunashangaa kijana akipata miaka 14 anakimbilia dhahabu ya Namoya na Salamabila. Dhahabu ile ilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, na mtaa wenye dhahabu hauna mboga; bei ya fungu la lengalenga kule inashangaza mtu wa Kasongo.

Vita ya 1998 hadi 2003 ilituonyesha kishamba hiki ni nini. Kabambare na Kasongo ziliumia sana, kama zilivyokwisha kuumia mwaka 1964. Watu walikaa msituni. Ghala zilichomwa au kuliwa na wenye bunduki. Mtu anayekimbia usiku habebi gunia la mpunga. Anabeba kinachoingia mu fundo la kikwembe. Sasa fikiri: gramu moja ya lengalenga ina mbegu zaidi ya elfu moja. Kijiko kimoja kinaweza kupanda lupango nzima. Na siku ya kurudi, muhogo unataka karibu mwaka, mpunga unataka miezi minne, lakini lengalenga inachumwa baada ya wiki tatu au nne. Chakula cha kwanza cha amani kilikuwa majani.

Baadaye mashirika yalileta mbegu mu makopo mazuri yenye picha. Zilisaidia, hatukatai. Ila kabichi haitoi maua mu joto letu, inataka baridi, kwa hiyo haitupatii mbegu hata ukiisubiri miaka. Na nyanya za mahuluti ukizirudia mwaka wa pili, watoto hawafanani na mama. Nyumba iliyozoea kopo ikaacha kibuyu. Hapo ndipo kuna hatari, kwa sababu nyumba ambayo nkambo alikufa vitani bila kumwonyesha mujukuu, kibuyu hakikurudi tena.

Kwa hiyo niandike hapa vile kazi inafanyika, kwa faida ya wale ambao hawakuonyeshwa. Mbegu za bamia na maboga zinakaushwa kivulini, si kwa jua kali, zinachanganywa na majivu na kuwekwa mu kibuyu juu ya moto wa jiko. Moshi unafukuza vidudu. Mbele ya mvua ya mwezi wa 9, mutoto anahesabu mbegu 10 mu kitambaa chenye maji na anangoja siku tano. Zikiota 8, mbegu ni nzima. Zikiota 3, apande nyingi zaidi au aende kuomba kwa jirani. (Mwalimu wa hesabu asikose nafasi hii.) Bamia inalala mu maji usiku mmoja. Lengalenga, kwa sababu ni ndogo sana, inachanganywa na mchanga mukavu, ndipo vidole vya mutoto viweze kuimwaga bila kurundika mahali pamoja. Inafunikwa na udongo mwepesi tu. Mahindi, punje mbili au tatu kwa shimo. Kopo lililotobolewa na musumari linatosha kwa kumwagilia.

Kinachomshinda mutoto si jembe, ni kungoja. Siku ya tatu anafukua ili aone kama mbegu iko. Kila nkambo anajua jambo hilo, na jibu linafanana katika kila lupango: "Uiache ilale, nawe uende ulale." Siku ya tano majani mawili mekundu yanatoka, na kutoka hapo mutoto mwenyewe ndiye anafukuza kuku na mbuzi. Halafu mmea mmoja, ule mzuri kuliko yote, unafungwa kitambaa. Huo hauliwi. Mutoto anauona unakuwa mrefu, unazeeka, unakauka, na wengine wote wamekwisha kuingia chungu. Ni wavulana hasa wanaokosa kuona hayo, sababu kwetu kishamba kinaitwa kazi ya wasichana.

Katika darasa langu tumeanza daftari. Kila mwanafunzi, mvulana kama msichana, analeta mbegu moja kutoka kwa nkambo wake, pamoja na jina lake kwa Kikusu, Kibangubangu, Kizimba au luga yoyote ya nyumba, na jina la mtu aliyempa nkambo mbegu ile. Kwa mbegu nyingi jina la mwisho ni la mama fulani aliyeolewa kutoka upande mwingine wa Lwalaba. Kurasa nne zimejaa. Maboga peke yake yana majina sita.