John Mbiti

John Samuel Mbiti (Mulango, Kitui, 30 Novemba 1931 – Burgdorf, Uswisi, Oktoba 2019) alikuwa mwanatheolojia, mtaalamu wa Agano Jipya, mwandishi na kasisi wa Kanisa la Anglikana kutoka nchini Kenya.

Anajulikana zaidi kwa vitabu vyake kuhusu dini za jadi za Afrika. Hata hivyo, fani aliyosomea hadi shahada ya uzamivu ilikuwa Agano Jipya, yaani maandiko ya Wakristo wa kwanza na mazingira ya Kiyahudi yaliyoyazaa. Nadharia yake maarufu kuhusu wakati katika fikra za Waafrika ilitokana na utafiti huo.

Maisha ya awali na elimu

Mbiti alizaliwa katika familia ya wakulima Wakamba na kulelewa katika kanisa lililoanzishwa na Africa Inland Mission (AIM). Wamisionari wa shirika hilo walifika Ukambani mwaka 1895. Mahubiri yao yalitilia mkazo sana kurudi kwa Yesu, hukumu ya mwisho, mbingu na moto wa milele. Baadaye Mbiti aliyafanya mahubiri hayo kuwa mada ya utafiti wake.

Alisoma katika shule ya Alliance huko Kikuyu, kisha Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, alikohitimu mwaka 1953. Alikwenda Marekani kusoma katika chuo cha Barrington, jimbo la Rhode Island, akapata shahada mbili, ya pili ikiwa ya theolojia (1957). Aliporudi Kenya alifundisha katika chuo cha ualimu cha Kangundo. Baada ya hapo alikwenda Uingereza, na mwaka 1963 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko Uingereza alipewa daraja la ukasisi, akahudumu kwa muda katika parokia moja ya St Albans.

Mwaka 1965 alimwoa Verena Siegenthaler kutoka Uswisi. Walijaliwa watoto wanne.

Utafiti wa Agano Jipya

Utafiti wa Cambridge ulihusu eskatolojia, yaani mafundisho juu ya mambo ya mwisho. Ulichapishwa mwaka 1971 kwa jina New Testament Eschatology in an African Background. Kitabu hicho kinalinganisha mambo matatu: Agano Jipya lenyewe, mafundisho ya wamisionari wa AIM, na jinsi Wakamba walivyoyaelewa.

Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, na walizungumzia mwisho kwa lugha ya Wayahudi wa wakati wao. Wengi kati ya Wayahudi hao waligawa wakati katika enzi mbili: enzi hii iliyojaa uovu, na enzi ijayo ambayo Mungu atatawala. Ufufuo wa wafu unatajwa waziwazi katika kitabu cha Danieli, lakini haukukubaliwa na wote: Mafarisayo waliuamini, Masadukayo waliukana. Kwa Wakristo wa kwanza, ufufuo wa Yesu ulikuwa dalili kwamba enzi ijayo imekwisha kuanza huku enzi hii ikiendelea.

Katika karne ya 20 wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu ya jambo hili. C. H. Dodd, kwa mfano, alisisitiza kwamba katika mafundisho ya Yesu Ufalme wa Mungu umekwisha kufika. Wengine walisisitiza kwamba Yesu aliungojea kama jambo la mbele. Mbiti aliingia katika mjadala huo akiwa na swali la kwao: Mkamba anaposikia maneno hayo kwa lugha yake, anaelewa nini?

Alichunguza picha moja moja: Jehanamu, moto, hazina, mji, nchi, kula na kunywa, machozi na maumivu, na mbingu. Jehanamu ni mfano mzuri. Neno hilo linatokana na jina la Kiebrania la bonde la Hinomu, karibu na Yerusalemu. Manabii walililaani kwa sababu ya watoto waliochomwa humo kuwa sadaka, na baadaye Wayahudi wakalitumia jina lake kwa mahali pa adhabu. Msikilizaji wa Yerusalemu alilifahamu bonde lenyewe na historia yake. Msikilizaji wa Ukambani hakuwa na habari hiyo, akabaki na moto tu. Kwa maoni ya Mbiti, picha zilizokuwa njia ya kueleza uhusiano wa watu na Kristo zilipokewa kama maelezo halisi ya mahali na vitu, na Wakristo wengi wakaiona mbingu kama nchi ya kuhamia baada ya taabu za dunia.

Yeye alishikilia kwamba kiini cha eskatolojia ya Agano Jipya ni Kristo mwenyewe, wala si ratiba ya matukio yajayo. Kwa sababu hiyo aliona kwamba sakramenti za ubatizo na ekaristi, ukaribu wa ulimwengu wa roho, na ufufuo unaowahusu watu kwa pamoja badala ya mtu mmoja mmoja, ni mambo ambayo Waafrika wangeweza kuyapokea kwa wepesi kuliko hesabu ya siku za mwisho.

Sasa na Zamani

Katika utafiti huo Mbiti alichambua nyakati za vitenzi vya Kikamba. Aliona kwamba vinafika mbali sana nyuma, lakini mbele havivuki miezi michache, au miaka miwili kwa upeo. Alihitimisha kwamba katika fikra za jadi wakati ni mfululizo wa matukio, na kwa kuwa matukio ya mbali mbele hayajatokea, hayahesabiki kuwa wakati halisi.

Ili kueleza hayo alichagua maneno mawili ya Kiswahili, akayapa maana pana kuliko ya kawaida. Sasa ni kipindi ambacho watu wanakiishi: yaliyopita karibuni, yaliyopo na yaliyo karibu kutokea. Zamani ni bahari ya wakati ambamo matukio yote huzama hatimaye. Mtu aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Mbiti aliwaita watu hao wafu walio hai. Anapofariki mtu wa mwisho aliyemfahamu, marehemu huingia katika Zamani.

Kutokana na kitabu cha African Religions and Philosophy (1969), maneno hayo mawili ya Kiswahili yaliingia katika masomo ya dini na falsafa katika vyuo vya nchi nyingi.

Makerere

Mbiti alifundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, akawa profesa na mkuu wa idara ya masomo ya dini. Pamoja na Agano Jipya alipewa kazi ya kufundisha dini za jadi za Afrika. Vitabu vya kufundishia vilikuwa vichache, na vingi viliandikwa na wageni waliozitazama dini hizo kama ushirikina. Aliamua kukusanya habari mwenyewe. Katika Concepts of God in Africa (1970) alieleza imani juu ya Mungu za makabila karibu 300. Alishikilia kwamba Mungu ambaye Waafrika walimwabudu tangu kale ndiye Mungu wa Biblia, na kwamba wamisionari walileta Injili, hawakumleta Mungu.

Uswisi

Mwaka 1974, wakati wa utawala wa Idi Amin nchini Uganda, Mbiti alihamia Uswisi kuongoza Taasisi ya Kiekumeni ya Bossey, karibu na Geneva, iliyo chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Aliiongoza hadi mwaka 1980. Kisha alikuwa mchungaji wa usharika wa Kanisa la Kireformati mjini Burgdorf hadi mwaka 1996, huku akifundisha katika Chuo Kikuu cha Bern.

Katika miaka hiyo alilalamikia theolojia ya upande mmoja: wanafunzi wa Afrika walilazimika kusoma wanatheolojia wa Ulaya, lakini wale wa Ulaya hawakuona haja ya kusoma wa Afrika.

Ukosoaji

Nadharia ya wakati ilipingwa na wengi. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alionyesha kwamba lugha ya Waakan ina namna za kuzungumzia wakati ujao wa mbali, hivyo mifano ya Kikamba haitoshi kuhukumu bara zima. Mshairi na msomi wa Uganda, Okot p'Bitek, aliwashutumu Mbiti na wengine kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya fikra za Kigiriki na Kikristo. Kwa upande mwingine Byang Kato wa Nigeria, katika kitabu chake Theological Pitfalls in Africa (1975), aliona kwamba Mbiti ameikweza dini ya jadi kiasi cha kuhatarisha mafundisho ya Biblia. Kwa hiyo alipingwa na walioona amezifanya dini za Afrika kuwa za Kikristo mno, na pia na walioona ameikweza mno dini ya jadi.

Tafsiri ya Kikamba

Katika uzee wake Mbiti alirudi kwenye maandiko aliyoanza nayo. Alitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki cha asili hadi Kikamba, akiwa peke yake, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2014. Tafsiri zilizotangulia zilitokana na kazi ya wamisionari. Aliyekuwa ameonyesha jinsi maneno ya Kiyahudi na Kigiriki yalivyobadilika maana yalipofika Ukambani, sasa alipaswa kuchagua maneno hayo mwenyewe, mstari kwa mstari.

Baadhi ya vitabu vyake

- Akamba Stories (1966)
- African Religions and Philosophy (1969)
- Poems of Nature and Faith (1969)
- Concepts of God in Africa (1970)
- New Testament Eschatology in an African Background (1971)
- Introduction to African Religion (1975)
- Bible and Theology in African Christianity (1986)