Vituo Viwili Kabla ya Tunduma

Familia ikisafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya au Tunduma, vituo vyake vinajulikana. Mikumi watoto wanatazama twiga kupitia dirishani, Ruaha Mbuyuni mama anateremka kuchagua vitunguu, na penye kichaka chochote watu wanachimba dawa kabla ya kuukabili mlima Kitonga. Ikishapita Iringa, dereva hukanyaga mafuta. Ni haraka isiyo na faida, maana kipande hicho cha barabara kina mambo mawili ambayo shule zetu huyataja kwa mstari mmoja kisha zikaendelea na mengine.

La kwanza ni Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, si mbali na barabara kuu. Wataalamu walipafahamu kwa sababu ya msafiri aliyesimama njiani. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini, akiwa safarini kurudi kwao, aliokota mawe korongoni akaenda nayo Johannesburg. Kumbe zilikuwa zana za Zama za Mawe. Mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichimba hapo, wakakuta mashoka ya mkono kwa mamia na mifupa ya aina ya kiboko ambayo sasa imetoweka, kiboko ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Palikuwa na ziwa la kina kifupi, na watu walilifuata kwa ajili ya maji na mawindo. Umri wa mabaki hayo unakadiriwa kufika miaka 260,000.

Inama uyatazame mashoka yenyewe. Yamechongwa pande zote mbili hadi yakapata ncha, na mengine ni makubwa mno hata mtu mzima huyashika kwa mikono miwili. Watu hao waliyachongea nini makubwa hivyo? Wataalamu bado wanabishana. Watoto, nionavyo mimi, huyaacha upesi wakakimbilia nguzo za udongo zilizosimama bondeni, ambazo mvua imezichonga kwa maelfu ya miaka kwa kuondoa udongo laini na kuacha mgumu. Waacheni.

La pili liko Mbozi, mkoani Songwe. Kabla ya kufika Tunduma unaiacha barabara kuu na kuingia ndani kilomita kadhaa, hadi kwenye Kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani. Mtoto akifika atauliza, “Baba, ndiyo hiki tu?” Ana haki ya kuuliza. Ni bonge jeusi lenye urefu wa mita tatu hivi, limelala pale bila makeke. Lakini uzito wake ni takriban tani 16, Fuso lingelemewa. Asilimia 90 ni chuma, na karibu 9 ni nikeli.

Wanyiha wa eneo hilo hawana simulizi ya siku kilipoanguka, wala hakuna shimo kubwa lililoachwa na kishindo chake, kwa hiyo kilianguka zamani sana. Mpimaji wa ardhi W. H. Nott ndiye aliyekifikisha kwenye kumbukumbu za wanasayansi, mwaka 1930. Baadaye mjiolojia wa serikali ya kikoloni, D. R. Grantham, alitaka sampuli. Alitumia msumeno wa kawaida wa kukatia chuma, na kipande cha sentimita 10 kilimchukua saa 10. Mzungushe mtoto hadi upande wenye alama za msumeno. Hapo hatauliza tena kama ni hiki tu. Vipande vingine vilikwenda hadi London. Udongo ulichimbwa pembeni ili umbo lake lote lionekane, na ndiyo maana leo unashuka kidogo kukifikia.

Lililofanywa na yule mwanafunzi wa Isimila mwaka 1951 leo lingemfikisha mahakamani, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuhamisha vitu vya kale bila kibali. Basi wazazi, mkimaliza kutembea Isimila, kagueni mifuko ya watoto kabla hamjawasha gari.