Myuko na Makosa Yaliyozaa Elimu Yake

Myuko ni usafirishaji wa joto unaotokea pale sehemu ya kimiminika au ya gesi inapopata moto, ikatanuka, ikawa nyepesi kuliko ile inayoizunguka na kupanda, huku sehemu baridi ikishuka kushika nafasi yake. Hivyo joto halipokezwi chembe kwa chembe kama katika chuma, bali huchukuliwa na maada yenyewe inayohama. Jambo hilo lilichunguzwa angani kabla ya kuchunguzwa chunguni. Mwaka 1686 Mwingereza Edmond Halley alichapisha ramani ya pepo za bahari za tropiki, ikiwemo Bahari ya Hindi ambako mabaharia wa pwani ya Waswahili huzijua kwa majina ya kaskazi na kusi, akaeleza kuwa hewa iliyopashwa moto na jua hupanda na nyingine hukimbilia mahali pake. Hata hivyo, alidhani kwamba pepo zivumazo kuelekea magharibi hulifuata jua, na ni George Hadley aliyeonyesha mwaka 1735 kuwa sababu imo katika mzunguko wa dunia.

Kuhusu vimiminika, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts ajulikanaye zaidi kama Count Rumford, alishangazwa na rojo la matufaha lililokawia mno kupoa, kisha akaona katika kipimajoto kikubwa cha spiriti, kilichokuwa kikipoa dirishani, vumbi likipanda katikati ya mrija na kushuka kandokando. Katika maandishi yake ya 1797 alidai kuwa vimiminika havipitishi joto kabisa ila kwa mwendo huo, dai ambalo zebaki peke yake, kimiminika kipitishacho joto vizuri, ingetosha kulikanusha. Jina la kitaalamu la Kiingereza la myuko lilichelewa: William Prout, tabibu na mkemia wa London, alilipendekeza mwaka 1834 kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kubeba pamoja.

Kosa lenye faida kubwa kuliko yote lilitokea baadaye. Mwaka 1900 Mfaransa Henri Bénard alipasha moto kutoka chini utando wa nta ya nyangumi, mwembamba usiofika milimita moja na ulio wazi juu, ukajigawa vyumba vya pembe sita mithili ya sega la nyuki. Akitaka kueleza vyumba hivyo, mwanafizikia Lord Rayleigh alikokotoa mwaka 1916 kuwa myuko hauanzi mpaka tofauti ya joto kati ya chini na juu ishinde mnato wa kimiminika pamoja na kusambaa kwa joto lenyewe. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini si ya nta ile: watafiti Block, mwaka 1956, na Pearson, mwaka 1958, walionyesha kuwa katika tando nyembamba namna hiyo kisukumacho ni mvutano wa uso, yaani ile nguvu inayoukaza uso wa kimiminika, ambayo hupungua pale palipo na joto zaidi. Pamoja na hayo, myuko uletwao na wepesi wa kimiminika chenye moto bado huitwa kwa majina ya Rayleigh na Bénard kwa pamoja.