Sukari ya Kuvuta: Historia ya Bombo Inayopikwa Nyumbani

Tulipoanza kutayarisha kijitabu hiki, wenzetu wengine walituuliza: bombo ni mila gani? Ukiandika juu ya vyungu, mikeka, ngoma ya mavuno ao namna ya kuposa, kila mtu anakubali. Lakini sukari inayopikwa ku mbabula na kuvutwa kwa mikono mpaka igeuke nyeupe, hiyo, walisema, ni kitu cha batoto, tena ni kitu cha Wazungu. "Ilikuja na Babeleji," mmoja alisema, na wengi waliitika kwa kichwa. Kwamba ni kitu cha batoto, hatubishani. Lakini hilo la pili si kweli, na ndugu msomaji akituvumilia kurasa chache, tutamwonyesha kwa nini.

Tuanze na kazi yenyewe, juu siku hizi wengi wanaikumbuka kwa ulimi tu, mikono imesahau. Nusu kilo ya sukari, glasi moja ya maji, na maji ya nusu ndimu. Unaweka katika sufuria nzito juu ya moto wa makala na kukoroga polepole mpaka sukari iyeyuke yote. Ikishayeyuka, kijiko kinatoka na hakirudi tena. Mama zetu walikuwa wakali sana juu ya jambo hili, na walikuwa na haki: ukikoroga sukari inapochemka, chembe zinashikana tena na sufuria nzima inageuka mchanga. Ndimu nayo haiwekwi kwa ajili ya kiungo tu. Uchachu wake unavunja sehemu ya sukari kuwa sukari nyingine mbili nyepesi zaidi, na hizo zinazuia chembe kujipanga upya. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini hakuna aliyesahau ndimu.

Halafu inakuja kazi ya kungojea. Unadondosha tone moja katika kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likiwa laini kama bukari ya mtoto mdogo, bado. Likijikusanya kama gololi, ngumu kidogo lakini inayokubali kukunjwa na kidole, basi njo wakati wake, hakuna kuchelewa hata dakika moja. Wenye kutumia kipimo cha joto wanasema ni kati ya digrii 120 na 130. Likivunjika ndani ya maji kama kioo, umepita, na hapo utapata bombo ya kulamba, si ya kuvuta.

Unamwaga juu ya sahani kubwa ya bati iliyopakwa mafuta ya karanga, na batoto wote wanarudishwa nyuma, kwa sababu sukari ya moto inaunguza kuliko maji ya moto: inashikamana na ngozi na haitoki. Ukiona pembeni inaanza kuwa nzito, unarudisha pembeni kati kati kwa kisu. Ikipoa kiasi cha mkono kuvumilia, unapaka mafuta mikononi na kuanza. Unavuta, unakunja, unavuta tena. Inafaa watu wawili, mmoja kila upande, kama watu wanaokamua shuka. Mwanzoni ni rangi ya asali na inapitisha mwanga. Kisha, bila kuongezwa kitu chochote, inaanza kung'aa, halafu inapauka, halafu inakuwa nyeupe kama hariri. Si uchawi: kila mkunjo unafungia hewa ndani, mishipa midogo midogo ya hewa isiyoonekana kwa macho, na hiyo hewa njo inayoleta weupe na ulaini. Ndiyo maana mtu mvivu anakula bombo ngumu.

Sasa, nani aliyeanza? Kuna kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad katika mwaka wa 1226 na mtu anayejulikana kwa jina la al-Baghdadi. Ndani yake kuna halua kavu. Anasema sukari iyeyushwe katika maji, ichemshwe mpaka ishike, imwagwe juu ya jiwe laini ipoe, kisha ivutwe kwa mikono kwenye msumari wa chuma, irudishwe na kuvutwa tena mpaka iwe nyeupe; ndipo inachanganywa na pistashi na kukatwa vipande. Msomaji alinganishe na yale tuliyoeleza hapo juu. Ukiondoa msumari na pistashi, ni kazi ileile. Katika mwaka wa 1226 Ubelgiji haikuwapo bado. Ilingoja mpaka 1830.

Jina pia linatusaidia. Wahindi wa kale waliita maji mazito ya muwa phanita; Waajemi wakasema panid; Waarabu wakasema fanidh, na hiyo ilikuwa sukari ya kuvuta. Waarabu waliingia inchi za Hispania na Ureno mwaka wa 711 na baadaye wakapanda miwa kule. Wakaondoka, jina likabaki: Wahispania wanasema alfeñique, Wareno alfenim. Katika kisiwa cha Terceira, kati kati ya bahari ya Atlantiki, alfenim inafinyangwa mpaka leo kwa sura za wanyama na za viungo vya mwili, ikatolewa kanisani kama nadhiri. Hata neno letu sukari lilipita njia hiyohiyo: liko la Kihindi, likavaa nguo ya Kiarabu, likafika kwetu kupitia pwani. Kwa hiyo Mzungu mwenyewe katika jambo hili alikuwa mwanafunzi.

Lakini hatuwezi kusimulia utamu huu kama hadithi ya wapishi tu. Wareno walipofika São Tomé mwishoni mwa karne ya 15, walitafuta mikono ya kukata miwa, na mikono ile ilitoka, sehemu kubwa, katika ufalme wa Kongo na inchi za jirani. Mwaka wa 1526 mfalme Afonso wa Kwanza, Mvemba a Nzinga, alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake kila siku, hata watoto wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe. Baada ya São Tomé ilikuja Brazil, ambako watu wa Kongo na Angola walipelekwa kwa maelfu na maelfu kwenye mashamba ya miwa. Kule Brazil alfenim ilifika pia, na katika barabara za miji wanawake watumwa walitembea wakiuza vyakula na vitu vitamu. Waliitwa quitandeiras, na jina hilo ni la Kimbundu cha Angola: kitanda, yaani soko. (Msomaji wa Kiswahili asicheke, si kitanda cha kulalia.) Mtu anayesema sukari ya kuvuta haituhusu, afikiri kidogo juu ya mikono ya nani ilikata miwa na kichwa cha nani kilibeba sinia.

Hiyo ni njia ya magharibi. Huku kwetu mashariki, muwa na sukari vilitembea na misafara ya pwani, pamoja na lugha tunayoandika hapa. Mwezi wa nne wa mwaka wa 1893, askari wa Leopold wakiongozwa na Dhanis waliingia Kasongo, mji wa Waungwana katika Maniema. Kati yao alikuwapo daktari Mwingereza, Sidney Hinde, aliyetoa kitabu mwaka wa 1897. Anasimulia mji uliozungukwa na mashamba ya miwa, mpunga, mahindi na matunda, na shamba moja la mpunga alilolipita juu ya mnyama kwa muda wa saa moja na nusu. Ndani ya nyumba walikuta mishumaa, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo, na sukari. Ni yeye aliyekuja na bunduki anayetoa ushahidi kwamba sukari ilimtangulia.

Wabelgiji walileta mashine, hilo ni lao. Katika miaka ya 1920 walianzisha kiwanda cha Bas-Congo, mahali walipopaita Moerbeke kwa jina la kijiji chao cha Flandria. Leo ni Kwilu-Ngongo. Katika miaka ya 1950 ukaja ule wa kwetu, Kiliba, katika pleni ya Ruzizi karibu na Uvira. Wenye umri wetu hatuhitaji kuelezwa Kiliba ilikuwa nini. Miwa ilifika mpaka kando ya barabara, na kilo ya sukari haikuwa kitu cha kufikiria mara mbili. Njo wakati ule kuvuta sukari kulikuwa mchezo wa siku ya mapumziko katika nyumba nyingi: mama anapika, wakubwa wanavuta, wadogo wanangoja mabaki ya sufuria. Mwaka wa 1996 vita ilikuja na mashine zikanyamaza. Sukari yetu ikawa ya kuvuka mpaka: ya Burundi na Uganda kwa watu wa Kivu, ya Zambia kwa watu wa Katanga. Na kitu kinacholipiwa ushuru mara mbili tatu barabarani, mama hampi mtoto achezee.

Kwa maoni yetu, hapo njo kazi hii ilipoanza kupotea, si kwa sababu batoto walichoka nayo. Bombo za karatasi zinazojaa katika butiki, kutoka inchi za mbali, zilikuta nafasi iko wazi. Hatuzichukii; tunazinunuaka sisi pia. Ila mtoto anayefungua karatasi haoni lile jambo la ajabu la rangi kubadilika mikononi, wala hajifunzi kungojea tone katika kikombe.

Neno moja limebaki kwa wale watakaojaribu. Msipike siku ya mvua. Sukari iliyovutwa inanyonya maji ya hewa, na jioni mtakuta mnakunywa badala ya kutafuna. Kata ingali vuguvugu, kwa makasi yaliyopakwa mafuta, na kila kipande kifungwe peke yake katika karatasi, kisha vyote katika bati lenye mfuniko mkali. Ukipata sukari nyekundu, haitafika nyeupe hata ukivuta mpaka usiku. Itasimama kwenye rangi ya majani makavu ya muwa.