Komeo, Kitasa na Kamsa: Maneno ya Kulinda Gari Kuukuu

Mwenye gari la zamani atakaye kulikinga na wezi hukutana na maneno mengi kabla hajakutana na fundi. Mmoja humshauri afunge 'alamu', wa pili 'king'ora', wa tatu 'katauti', na muuza vifaa humwonyesha kisanduku chenye maandishi ya kigeni ambayo wote wawili hawayaelewi sawasawa. Akishalipa, huenda akakuta amenunua kelele, ilhali alichotaka ni gari lisiondoke. Hasara hiyo ni ya fedha, lakini chanzo chake ni istilahi. Nasi twaona kwamba lugha yetu ilikwisha kuyatenga mambo haya zamani, na kwamba delta ya Rufiji na Kibiti ni mahali pazuri pa kuyatazama.

Tuanze na mlango, maana gari lilirithi maneno yake huko. 'Kufuli' tumelipata kwa Waarabu. 'Kitasa' huhusishwa na 'tasa', chombo cha madini, kwa kuwa kitasa ni kisanduku cha chuma kilichopachikwa mlangoni. 'Komeo' ni la kwetu tangu asili, nalo Johnson aliliweka katika kamusi yake ya mwaka 1939. Yaelekea lina undugu na kitenzi 'koma', yaani kufikia mwisho, kutoendelea mbele. Msomaji na aishike maana hiyo, kwani ndiyo tutakayoihitaji.

Katika delta, ambako mito hugawanyika ndani ya mikoko mpaka baharini, chombo cha kusafiria hakina mlango wa kutiwa kufuli. Mwenye mtumbwi anayetaka kuukuta kesho mahali alipouacha leo huondoka na kafi na upondo wake. Mtumbwi uko wazi, kila mtu aweza kuuingia, ila hauendi. Hii ni namna ya ulinzi iliyo tofauti kabisa na kufuli: haizuii kuingia, yazuia mwendo.

Historia ya delta hiyo ina mfano mkubwa zaidi. Mwezi Septemba 1914, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus huko Unguja, manowari ya Kijerumani Königsberg ilirudi kujificha Rufiji kwa sababu mtambo wake ulikuwa umeharibika, na vipande vyake vikapelekwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Wakati huo meli nzima, pamoja na mizinga yake, ilikuwa kama mtumbwi usio na kafi. Waingereza nao, tarehe 10 Novemba, waliizamisha meli ya makaa Newbridge katika mkondo mmojawapo ili kuiziba njia. Kwanza mtambo ulikoma wenyewe, kisha njia ikafungwa. Na hizo ni habari mbili ambazo istilahi haina budi kuzitenga. Manowari hiyo haikutoka tena. Ilimalizwa tarehe 11 Julai 1915.

Kwa upande wa barabara, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari lililopita Kibiti kuelekea Lindi lilivuka Rufiji kwa kivuko. Mwizi aliyeelekea kusini alingoja pantoni kama mtu mwingine yeyote. Daraja limewaondolea wasafiri adha kubwa, lakini limeondoa na kizuizi hicho kisichokuwa na mshahara.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Ufunguo wa gari kuukuu huunganisha umeme tu. Mtu akizikata nyaya na kuziunga kwa mkono, injini haijui tofauti. Nchi za Umoja wa Ulaya zilishurutisha mwaka 1998 kwamba magari mapya yawe na kifaa cha kuutambua ufunguo kwa siri iliyomo ndani yake, lakini gari lililotangulia kanuni hiyo mara nyingi halina kifaa hicho. Mwenyewe hana budi kujitafutia. Mwaka 1940, kwa hofu ya kuvamiwa, serikali ya Uingereza iliwaamuru raia wayalemaze magari yao kila wayaachapo. Wengi walichomoa rota ya distribyuta na kuitia mfukoni. Je, hiyo si kafi ya mwenye mtumbwi?

Mafundi wetu siku hizi huficha swichi kwenye waya uendao kwenye koili. Kwa kuwa hulitumia neno 'moto' kwa umeme wa kuwashia, wapo watakaopendekeza 'kizimamoto'. Pendekezo hilo halifai hata kidogo. Kizimamoto tunacho tayari, nacho ni cha kuzimia moto unaounguza. Isitoshe, injini ya dizeli haina cheche ya plagi. Ile ya zamani ikishawaka yaweza kuendelea hata waya wa betri ukikatwa, na dawa yake ni kuyazuia mafuta. Neno tunalolitaka lazima lienee kote kuwili. Ndipo tunapolirudia 'komeo': komeo la injini, liwe la umeme au la mafuta, ni kile kinachoufanya mwendo ukome. Atakayesema kwamba komeo ni la mlango tu na akumbuke kwamba usukani ulikuwa wa chombo cha majini, na leo hakuna dereva anayeshangaa kuushika.

Lililobaki ni la kelele. 'King'ora' limezoeleka, lakini lina hatari. Sheria za barabarani zimevitenga ving'ora na vimulimuli kwa magari ya dharura na misafara rasmi, na polisi wamekuwa wakiwavua watu binafsi vifaa hivyo. Mwenye gari akiambiwa na mmoja afunge king'ora, na mwingine kwamba king'ora ni kosa, atamtii nani? Kwa hiyo twapendekeza 'kamsa ya gari'. Kupiga kamsa ni kuwaita watu waje, na kifaa hiki hakifanyi zaidi ya hapo. Sokoni Kibiti wataitika; ndani ya mikoko, ni kima ndio watakaosikia.

Basi kitasa kibaki cha mlango, kamsa iwe ya kuita, komeo liwe la injini. Kitenzi chake kipo tayari: 'kukomea gari', na gari lililofanyiwa hivyo ni 'gari lililokomewa'. Wingi ni 'makomeo', kama ulivyo wa milango.