Msaada wa kodi ya nyumba Marekani: Nani anastahili?

WAPANGAJI wengi nchini Marekani hutaka kujua ni pato la kiasi gani humwezesha mtu kusaidiwa na serikali kulipa kodi ya nyumba. Hakuna kima kimoja kwa nchi nzima. Kima hutegemea eneo analoishi mpangaji na idadi ya watu katika familia yake.

Mpango mkuu wa msaada huo ulitokana na sheria ya mwaka wa 1974, na siku hizi hutolewa hasa kwa njia ya vocha. Kila mwaka, Wizara ya Nyumba na Ustawi wa Miji hukadiria pato la kati la kila eneo, yaani kiwango ambacho nusu ya familia hupata zaidi yake na nusu nyingine chini yake. Kwa kawaida, vocha huzilenga familia ambazo pato lao halizidi asilimia 50 ya kiwango hicho.

Familia ya watu wanne ndiyo kipimo. Watu watatu huwekewa asilimia 90 ya kima cha wanne, wawili asilimia 80 na mtu mmoja 70. Baada ya wanne, kila anayeongezeka huongeza asilimia nane.

Kwa mfano, katika eneo ambalo pato la kati ni Dola 100,000, kima cha watu wanne huwa Dola 50,000, cha mtu mmoja 35,000, na cha watu wanane 66,000. Hivyo, mama wa watoto watatu anayepata Dola 48,000 anastahili, ilhali jirani yake aishiye peke yake kwa Dola 36,000 amevuka mpaka.

Pato linalohesabiwa ni la familia nzima kwa mwaka, kabla ya ushuru kukatwa. Mshahara wa mtoto wa chini ya miaka 18 hauhesabiwi. Anayepata vocha huchangia kodi kwa takriban asilimia 30 ya pato lake, baada ya makato yanayoruhusiwa.

Hata hivyo, kustahili si kupata. Fedha zinazotengwa hutosha takriban familia moja kati ya kila nne zinazostahili, na nyingi hungoja kwa miaka. Wakenya wenye kibali cha ukaaji wa kudumu huko wanaweza kuomba. Walio na viza ya masomo au utalii hawaruhusiwi, hata pato lao liwe dogo namna gani.