Waviking jikoni: samaki mkavu, mtindi na ini la farasi

Filamu zimetuzoesha Mviking wa aina moja tu: jitu la ndevu, paja la nyama mkononi, pembe ya pombe mdomoni. Nyama walikula na pombe ya shayiri walikunywa, hilo halina ubishi. Lakini kilichowavusha watu wa Norwei, Denmaki na Uswidi kutoka mwaka hadi mwaka, kati ya karne ya 8 na ya 11, ni ghala. Baridi ya huko hudumu miezi mingi, na asiyeweka akiba mapema ataiona njaa.

Chumvi nayo ilikuwa adimu, kwa sababu jua lao halina nguvu ya kukausha maji ya bahari. Kazi ya kuhifadhi samaki wakauachia upepo. Katika visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei, samaki aitwaye torsk hufika kwa makundi wakati wa baridi kuja kutaga. Hukatwa kichwa, hutolewa matumbo, kisha hufungwa mikia wawiliwawili na kutundikwa kwenye vichanja vya miti. Hewa huwa ya baridi kiasi cha kuzuia nzi na uozo, ila si kali hata imgandishe. Baada ya miezi michache anakuwa ng'onda asiyeonja chumvi, mgumu kama ukuni, wa kukaa miaka. Mabaharia wangetaka nini zaidi? Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya DNA ya mifupa iliyofukuliwa Haithabu, bandari ya Waviking iliyoko Ujerumani ya leo. Baadhi ya samaki hao walitoka bahari ya kaskazini kabisa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Kule Aisilandi, walikohamia baadhi yao, walitegemea maziwa. Walitengeneza mtindi mzito uitwao skyr, na yale maji machachu yaliyochujika hayakumwagwa: nyama ililowekwa humo ikakaa hadi msimu mwingine.

Mapishi yenyewe yalikuwa mepesi. Moto uliwaka katikati ya nyumba, na moshi ukakausha nyama iliyoning'inia darini. Vyungu vilikuwa vya chuma au jiwe la sabuni, na mara nyingi ndani yake mlikuwa na uji wa shayiri. Kinyesi kikavu cha Mviking kilichopatikana York, Uingereza, mwaka 1972 kilikuwa na pumba za nafaka pamoja na mayai ya minyoo kwa wingi. Shujaa wa filamu hawamwoneshi akijikuna tumbo.

Nyama tele ilingoja karamu, na karamu ilikuwa siasa. Mfalme Håkon wa Norwei alilelewa Uingereza akiwa Mkristo, ilhali wakulima wake waliabudu miungu ya kale na walitaka ale nao nyama ya farasi wa kafara. Snorri Sturluson, aliyeandika karne tatu hivi baadaye, anasimulia kwamba mfalme aliishia kupanua mdomo juu ya mkono wa sufuria ya nyama hiyo, uliofungwa kitambaa. Hakuna aliyeridhika. Majira ya baridi yaliyofuata akameza vipande vya ini.

Aisilandi ilipoupokea Ukristo karibu mwaka 1000, wananchi waliachiwa ruhusa ya kuendelea kula farasi. Ruhusa hiyo ilifutwa miaka michache baadaye, ingawa nyama hiyo ingali inauzwa huko hadi leo.